Mashine za Kufulia Zilivyonikosesha Maziko ya Kaka Yangu

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, anayetupa afya hata tunapoisahau na anayetusitiri mengi kuliko tunayoyajua, na rehema na amani zimfikie Mtume wake na wote waliomfuata. Namshukuru kwamba leo naweza kuusimulia mkasa huu nikiwa nimetulia, maana kwa muda mrefu ulinikaa kooni. Nina aibu nao, nisiwafiche. Mimi ni mtu mzima mwenye wajukuu, nimesomesha madrasa hapa Hamugembe, mjini Bukoba, tangu ndevu zangu zikiwa nyeusi, nimewafundisha vijana wengi namna ya kumwosha maiti, na siku kaka yangu wa tumbo moja alipofariki nilishindwa kufika kumwosha kwa sababu nilikuwa nimefungiwa na mashine za kufulia, nimevaa msuli na fulana, ndani ya nyumba yangu mwenyewe.

Binti yetu Swaumu, ambaye ni muuguzi Mwanza, ndiye aliyetuletea hizo mashine, moja ya kufua na moja ya kukausha, kwa kuwa mgongo wa mama yake umechoka, na ninyi mnaoijua Bukoba mnaijua mvua yetu (shuka unaianika leo, keshokutwa bado ina unyevu na imeanza kunuka). Tulimshukuru sana na kumwombea. Shida ikawa pa kuziweka. Chumba pekee chenye bomba na tundu la kutolea maji ni kile cha uani kilichokuwa bafu zamani, chembamba kiasi kwamba ukinyoosha mikono unagusa kuta zote mbili. Sakafu yake imeinama kuelekea kwenye tundu, mlango wake unafungukia ndani, na huwezi kuugeuza ufungukie nje kwa sababu nje pale limesimama tangi la maji ya mvua.

Mke wangu Mariamu alipatazama akasema, "Baba Swaumu, hapo inaingia moja tu. Hiyo ya kukaushia iweke sebuleni kwanza."

"Sebuleni? Wageni wakiniuliza niwajibu nini, kwamba nimekuwa dobi?"

"Waambie binti yako anakupenda."

Nikakataa. Sebule yangu ina vitabu vyangu na mkeka wa wanafunzi, nikaona si mahali pa mashine. Basi nikatafuta watu wa kunisaidia, tukaipandisha ile ya kukaushia juu ya ile ya kufulia. Swaumu alikuwa ameniambia kwa simu kwamba kuzipandisha hivyo kunahitaji kipande chake cha chuma cha kuziunganisha, akasema nisubiri akitafute, lakini mimi nikaona kamba ya manila inatosha (ujana wangu wote nimefunga magunia ya kahawa kwenye baiskeli, na halijawahi kuanguka hata moja). Kwa ule mwinamo wa sakafu nikaweka vipande vya tofali chini ya miguu ya mbele. Zikakaa. Nilizipiga kofi la ubavuni kama mtu anayesifia ng'ombe wake.

Ila kuzitumia ilikuwa kazi. Ili usimame mbele yake na kufungua kile kidirisha cha mviringo ilibidi uingie, ujibane pembeni, ufunge mlango nyuma yako, ndipo upate nafasi ya kuinama. Na ikifika wakati wa kukamua, ile ya chini inatetemeka mpaka lazima mtu asimame aishikilie ile ya juu kwa mikono miwili. Mariamu alilalamika siku za mwanzo, kisha akanyamaza, nami nikadhani kunyamaza kwake ni kuridhika.

Kaka yangu Idrisa aliishi Muleba. Alipatwa na kiharusi, mguu wake mmoja ukajikunja na haukunyooka tena, akalala kitandani muda mrefu akihudumiwa na mwanawe Hamisi. Mara ya mwisho nilipokwenda kumwona alinishika mkono, akasema mbele ya Hamisi, "Zuberi, mimi wasinioshe watu. Unioshe wewe." Nikamwahidi. Ahadi gani nyingine ningempa mtu ambaye alinifundisha kuogelea na kunibeba shingoni?

Habari za kifo chake zilitufikia asubuhi, tumetoka kuswali. Tukakubaliana na Hamisi kwamba azikwe baada ya swala ya adhuhuri, na kwamba mimi nifike mapema kwa ajili ya kuosha. Gari la kwanza likaja kuwachukua Mariamu na akina mama wa mtaa, pamoja na ndizi za kupeleka msibani. Mimi ningefuata peke yangu muda mfupi baadaye, kwa sababu nilikuwa na sanda na kafuri za kuchukua kwa mwenzangu mmoja mjini. Na hapo, kwa kutaka kuonekana mwenye nguvu, nikaubeba mkungu mmoja mwenyewe na kuupakia kwenye gari nikiwa nimeshavaa kanzu yangu nyeupe mpya. Ulikuwa umekatwa muda uleule. Utomvu ukanidondokea kifuani.

Utomvu wa ndizi, waulizeni Wahaya, ukikauka kwenye nguo nyeupe hautoki tena mpaka nguo ichanike. Nilikuwa na kanzu nyingine, tena safi, imezeeka kola tu. Ningeivaa hiyo na kuondoka. Lakini nikajiwazia nimesimama mbele ya jeneza, watu wa Muleba wote wananitazama mimi, Maalim kutoka mjini, na kola yangu imechakaa. Nikasema mashine ina ufuaji wa haraka, niitie humo upesi na ya kukaushia itamalizia, nitawahi. (Nimelifikiria neno hilo "nitawahi" mara nyingi tangu siku ile.)

Gari likaondoka, nikabaki peke yangu. Nikavua kanzu, nikajifunga msuli, nikaingia, nikajibana, nikafunga mlango, nikawasha. Ikafua vizuri. Ikaanza kukamua, nami nikaishika ile ya juu kama kawaida, na wakati huohuo simu yangu ikaanza kuita sebuleni. Nikajua ni Hamisi. Nikaachia mikono, nikageuka kufungua mlango.

Sikuona kilichotangulia. Nadhani tofali liliteleza, kamba ikachomoka, na ile mashine ya juu ikaja mzimamzima ikanipiga kwenye kisigino na kukita kati ya mlango na ukuta, kona moja huku, kona nyingine kule, kama kabari. Ile ya chini ikasogea mbele ikaigandamiza, kisha ikazima. Kanzu yangu nikaiona kupitia kidirisha, imelowa, na kidirisha chenyewe kimejifunga. Mimi nimesimama kwenye kipembe kisichotosha hata kuchuchumaa, na mguu unavuja damu.

Nilijaribu kuinua. Nilijaribu kusukuma kwa mgongo. Pale hapana nafasi ya kupinda magoti, na mtu asiyeweza kupinda magoti hawezi kuinua kitu. Simu ikaita, ikakatika, ikaita tena. Nikaanza kupiga kelele kupitia tundu la hewa lililo juu, na mvua nayo ikaanza, ile ya kwetu inayopiga bati mpaka hujisikii mwenyewe. Nikaita, "Yaa Allah! Jamani! Nisaidieni!" Nikaita mpaka sauti ikakauka.

Kumbe jirani yetu Ma Koku, mama wa Kilutheri tunayeishi naye vizuri miaka yote, alipita uani kwetu mvua ilipopungua. Akanisikia. Akasimama akasikiliza, akasema moyoni, "Ta Zuberi anamlilia ndugu yake kwa Mungu, nisimkatize," (Ta ni neno la Kihaya la kumheshimu mzee) akaenda zake taratibu kwa heshima. Alinieleza mwenyewe baadaye huku ameziba mdomo kwa kanga.

Kisha nikasikia adhana ya adhuhuri kutoka msikitini kwetu. Ndugu zangu, nimeisikia adhana hiyo maisha yangu yote, na siku ile peke yake ndipo nilipotamani isiishe, kwa sababu nilijua ikiisha na watu wakaswali, kule Muleba watamswalia Idrisa, na kama wanamswalia basi ameshaoshwa, na aliyemwosha si mimi. Simu nayo ilikuwa imeacha kuita. Nikaswali hapohapo nimesimama, bila kurukuu wala kusujudu, kichwa nimekiegemeza kwenye bati la mashine.

Ma Koku alirudi na wenzake wa kwaya kutupa pole ya msiba, akashangaa kwamba bado nalia. Akaja kugonga mlango akinibembeleza kwa Kihaya chake.

"Ta Zuberi, waitu, inatosha sasa. Utaumia."

"Ma Koku, silii! Nimefungiwa! Vunjeni mlango!"

Wakaja vijana wa bodaboda kutoka kijiweni, mmoja na shoka, na nyuma yao mtaa mzima. Walipopasua mbao za juu nikaonekana kuanzia kifuani, nimelowa jasho, fulana imenata, na mmoja akaguna, "Maalim, nani kafuliwa hapa, wewe au nguo?" Watu wakaangua kicheko. Mwingine akawa ameshainua simu yake juu ananipiga picha. Ma Koku akawageukia: "Nyamazeni! Mzee ana maiti Muleba!" Wakanyamaza, lakini ile picha ilikuwa imeshapigwa. Kunitoa ilibidi wanivute makwapani kupitia juu ya mlango uliobaki, na msuli ukashikwa na mbao. Yaliyofuata Mungu alinisitiri kwa kanga ya Ma Koku.

Nikampigia Mariamu. Akasema kwa sauti ya chini, "Baba Swaumu, uko wapi? Wameshamtoa."

Nilivaa ile kanzu kuukuu, nikafika Muleba nikichechemea, udongo wa kaburi umeshashindiliwa. Watu walikuwa wamekaa chini ya turubai, na nilipokaribia mazungumzo yakakoma, nikajua picha imenitangulia. Dada yetu Asha, aliyetuzidi sote umri, hakunipa hata mkono.

"Zuberi, mwenzio anashushwa kaburini, wewe unafua?"

Nilikwenda kaburini, nikaomba dua, nikarudi nikakaa mwisho wa mkeka, mahali wanapokaa wageni wasiojulikana.

Watu walipopungua, Hamisi alikuja akakaa karibu nami. Ni mwanamume mkubwa, mvuvi wa kisiwa cha Bumbire, lakini alikaa kama mwanafunzi anayengoja kusikilizwa somo lake.

"Baba mdogo, tulikungoja. Shehe akasema maiti hacheleweshwi, akaniambia niingie mimi, yeye ananielekeza. Sijawahi kumwosha mtu. Nataka nikueleze nilivyofanya, uniambie kama nimemkosea baba."

"Nieleze."

"Nilimfunika kitambaa, sikukitoa. Nikaanza kumtawadhisha, halafu upande wa kulia, halafu wa kushoto. Sanda na kafuri tulivipata kwa jirani, kafuri nikaitia kwenye maji ya mwisho."

"Na maji?"

"Ya uvuguvugu. Niliyajaribu kwenye mkono wangu kwanza."

"Na ule mguu?"

"Haukunyooka. Shehe alisema niukandamize polepole, nikashindwa, nikaona kama nitamuumiza. Nikauosha hivyohivyo ulivyokunjika. Nimekosea?"

"Hukukosea, baba. Hukukosea hata kidogo."

"Alikutaka wewe."

"Najua."

Akaweka kichwa begani kwangu akalia, nami nikalia naye, mbele ya watu, na hakuna aliyecheka.

Tangu siku hiyo nimejiwekea nadhiri kwamba nikiitwa msibani naondoka na nguo niliyonayo mwilini, iwe na utomvu au tope, na nikifika ndipo watu waniseme watakavyo. Na mke wangu akisema kitu hakiingii mahali, nakubali hakiingii. Nimechelewa kujifunza, lakini namshukuru Mola aliyenifundisha kwa aibu na si kwa moto.

Nawe uliyenivumilia kunisoma, Mwenyezi Mungu akulinde wewe na nyumba yako, akufikishe kwa wakati kwa wanaokungoja, na siku yako ikifika akujalie mikono yenye upole kama ile ya Hamisi. Amina.