Shali ya Mkwe na Ruhusa ya Bustani

Wapo watu Moroni ambao mpaka leo wakikutana nami njiani hunikagua mabega kwanza ndipo wanitazame usoni, na sina wa kumlaumu, maana janga lile nililichuma mwenyewe, mchana kweupe, mke wangu akiwa jikoni anamenya muhogo. Niacheni niwasimulie kwa kinywa changu, kwa sababu mkisikia kwa wengine mtaambiwa niliiba, na mimi sikuiba, niliazima bila kusema (mke wangu anasema hakuna tofauti).

Mimi ni mtu wa Mutsamudu, mpiga udi, nimeoa Moroni, na kwa desturi ya Ngazija, kisiwa chenye Moroni, naishi nyumbani kwa mke, ua mmoja na wakwe. Wakati ule kisiwa chetu cha Nzuani kilikuwa kimetangaza kwamba kimejitenga, hakitaki tena kusikia habari za Moroni, na sisi wa Nzuani tuliokuwa Moroni hatukujua tujiweke wapi. Meli zilisimama, simu zikakatwa, na jirani aliyezoea kubisha hodi kuniomba chumvi akaanza kwenda kununua dukani. Kikundi chetu cha taarabu kilikuwa nusu watu wa huku, nusu watu wa kule, na tangu mambo yale yaanze hatukualikwa harusi hata moja. Wa huku wakasema nyinyi ndio mnatuponza, wa kule wakasema basi tugawane vyombo, kila mtu ashike njia yake. Nikawasihi wasubiri Idi: tukipata ruhusa ya kupiga katika bustani ya mji, watu wakatuona sote jukwaa moja, kikundi kitapona, na tukikosa tutagawana. Niliwaambia hivyo kwa sauti ya kiume, lakini usiku sikupata usingizi, kwa sababu kikundi kile nilikipenda mno.

Basi nikaenda manispaa. Karani alinipokea vizuri, akanipa kiti, akaniambia kwamba muhuri anao lakini hawezi kuugonga mpaka wakubwa wa mtaa wenye bustani waridhie, maana yeye ana muhuri tu, wenye mji ni wao. Na wakubwa hukutana bangweni, ule uwanja wenye mabenchi ya mawe mbele ya msikiti, baada ya swala ya alasiri.

Sasa kwa asiyeijua Ngazija, bangweni hasemi kila mtu. Husema mwanamume aliyefanya ndoa kuu, ile harusi ya dhahabu na ng'ombe na kulisha mji mpaka mji ushibe, na akishaifanya huvaa mharuma, shali pana ya nakshi inayokaa mabegani, kila mtu aione. Kama hujaifanya, wewe ni mtoto wa mji, hata uwe na mvi na wajukuu, na kazi yako ni kubeba masinia. Ndoa yangu mimi ilikuwa ya kuku wawili na dua. Kwetu Mutsamudu hakuna ukali wa namna hiyo (kuringa tunajua, ila tunaringa kwa mambo mengine), ukitaka ruhusa unakwenda na mjomba wako, mnaongea, mnakunywa chai, yamekwisha.

Njia iliyonyooka ilikuwa kumwomba baba mkwe, Mzee Mmadi, akaniombee. Nilikwisha kumwomba. Alisema, "Tutaona," na waliokuwa wakingojea tutaona ya Mzee Mmadi walikuwa wengi, baadhi yao tumekwisha kuwazika. Siku ya mkutano nikampitia sebuleni, nikamkuta amelala chali anakoroma, na shali yake imetundikwa msumarini, juu ya kichwa chake. Nikaitazama. Nikajiambia bustani si ya mtaa wetu, kule hakuna anijuaye, ni kitambo kidogo tu, nitairudisha kabla hajageuka ubavu. Shetani naye hana haraka, aliningoja nimalize kujishawishi.

Ah, jamani, shali ile ni tamu. Nimefika tu bangweni, vijana wakasimama, wakaniamkia "Kwezi" kwa heshima ambayo baba yangu mzazi hakuipata, nami nikaitikia kwa sauti nzito ambayo sijui niliitoa wapi. Nikapewa benchi la mbele. Mwenyekiti wao, Mzee Iburoi, mtu mwembamba mwenye macho ya kucheka, akaniuliza mgeni wetu anatoka mji gani. Lafudhi yangu ya Nzuani haifichiki, kwa hiyo nikasema nimezaliwa Mutsamudu, ila ndoa kuu (hapa ndipo nilipopaswa kunyamaza) niliifanyia Ntsujini.

Ndoa kuu mtu huifanya katika mji wake, mbele ya watu wake, hajiendei tu mji wa watu kuifanya kama anayekwenda sokoni, na hilo hata watoto wa Ngazija wanalijua, mimi ndiye niliyekuwa silijui. Mzee mmoja mnene akajisogeza karibu yangu, akasema yeye ni wa Ntsujini kwa mama na hajakosa karamu hata moja kule, lakini yangu haikumbuki. Je, nilichinja ng'ombe wangapi? Nikasema watatu. Nikaona nyuso zimeshuka, nikaongeza upesi, watatu wa siku ya kwanza.

Nadhani Mzee Iburoi alikwisha kunijua hapo hapo, ila aliniacha nijimalize. Akanipa ruhusa ya kusema. Na nilisema, wallahi, nilisema vizuri kuliko siku yoyote ya maisha yangu: nikawaeleza habari za kikundi, kwamba hatutapiga karibu na wakati wa swala, kwamba wanawake watakuwa na upande wao, kwamba bustani tutaifagia wenyewe. Vichwa vikaanza kutikisika kwa kukubali. Mzee Iburoi akasema neno limesikika, na kwa kuwa mgeni ni mtu mkubwa, basi atufungie kikao kwa dua.

Nimeinua mikono tu, nikamwona Mzee Mmadi anaingia bangweni, kofia kichwani, mabega matupu.

Mnajua dua haikatizwi. Mikono ikiwa juu hakuna wa kusema ila kuitikia amin, na mimi nikang'amua kwamba muda wote nitakaokuwa naomba, niko salama. Basi nikaomba. Nikawaombea wagonjwa, nikawaombea maiti, nikawaombea mahujaji wa mwaka huo na wa mwaka ujao. Nikaomba mvua, kisha nikaomba isizidi. Nikaombea karafuu na vanila, nikavitaja visiwa vyote vinne kimoja kimoja, kisha miji, Moroni, Ikoni, Mutsamudu, na nilipofika Patsy, kijiji cha mlimani ambacho hakuna mmoja wao aliyewahi kukikanyaga, amin zilikuwa zimechoka na mzee mnene ameegemeza viwiko magotini. Mzee Mmadi alisimama mbele yangu mikono juu, akiitikia kila moja bila kukosa. Mwisho sauti ikanikauka. Nikajipaka viganja usoni, taratibu, nikatamani nisiviondoe.

"Dua njema," akasema Mzee Mmadi. "Sasa nipe mabega yangu."

Nikamvika mwenyewe, mbele ya watu wote. Wala hakupandisha sauti. Akawaambia wenzake kwamba mimi ni mkwewe, na kwamba amechelewa kwa sababu amepekua nyumba nzima akiitafuta shali, na aliitaka ili aje kuniombea ile bustani. Hapo ndugu zangu niliumia. Aibu ya shali ningeibeba, lakini yule mzee alikuwa njiani kwa ajili yangu na mimi nimemvua nguo.

Mzee mnene akadai nitengwe, nisiitwe harusini wala mazikoni, na kuhusu muziki akasema hao ndio watu wa Nzuani tunaotaka kuwapa bustani. Nikajua kikundi kimekwisha. Wengine wakaunga mkono, wakasema na kusema, mpaka Mzee Iburoi akainua mkono.

"Kila siku redio inatuambia watu wa Nzuani hawataki tena kuwa pamoja nasi," akasema. "Leo nimemwona mmoja anataka kuwa mtu wa Ngazija mpaka kamwibia mkwewe. Huyu nimfukuze aende wapi?"

Bangwe zima likaangua kicheko, hata Mzee Mmadi, na ruhusa ikatoka kabla kicheko hakijaisha. Faini nayo ikatoka. Siku ya Idi kikundi kilipiga katika ile bustani, wa huku na wa kule jukwaa moja, watu wamejaa mpaka barabarani, na mimi kiongozi wao, ndiyo faini yenyewe, sikugusa udi: nilipita mbele ya wakubwa na birika na beseni, nikiwamwagia maji ya kunawa mmoja mmoja, kama mtoto wa mji niliye. (Udi alipiga mwenzangu wa Moroni, na walipiga vizuri kuliko nikiwapo, jambo ambalo hakuna aliyeona haya kuniambia.) Nikaapa siku ile kwamba nikimwomba mtu mzima jambo akanijibu "tutaona", nitakaa chini nione.

Mambo ya visiwa yalipotulia na meli zikarudi, nikaenda Mutsamudu kumtazama mama. Njia nzima nilijifariji: simu zilikatwa, barua hazikufika, kwetu hakuna aliyesikia. Mama alinipokea gatini, akanikumbatia, akalia, nami nikalia, miaka si mchezo. Kisha akajifuta macho kwa ncha ya shiromani aliyojitanda, akaniangalia vizuri, akaniuliza mbele ya wapagazi wote:

"Na ile dua uliimaliza?"

Na wapagazi, mizigo ikiwa bado vichwani, wakaitikia amin.