Mahindi Yaliyonuka Moshi

Asubuhi ile mama alikuwa ananigombeza kwa sababu ya kahawa. Nilikuwa nimeianika kwenye mkeka uliotoboka, na punje zilikuwa zinadondokea kwenye mavi ya kuku. Mdogo wangu Projesti, wa miaka minne, alikuwa anaziokota moja moja na kuzirudisha mkekani, na mavi ya kuku humo humo. Mama alipomwona akacheka, ugomvi ukaishia hapo. Ilikuwa mwaka sabini na nane, kijijini kwetu kaskazini ya mto Kagera. Baba alikuwa amefariki, nyumbani tulikuwa watatu.

Sasa naishi Babati, huku Maisaka, na kila mwaka shule ya jirani huniita nizungumze na darasa la sita kuhusu vita ile. Nimeifanya kazi hiyo mpaka nimeizoea kama kuchambua mchele. Nawaeleza majeshi ya Uganda yalivyoingia, sisi tulivyokimbia, nchi nzima ilivyotuchangia, na tulivyoshinda. Watoto hupiga makofi, mimi hupewa soda, narudi nyumbani. Projesti nilikuwa namruka. Kila nilipolitaja jina lake mama aliinuka akatoka nje, na mtu akitoka nje mara nyingi unaacha kutaja.

Mwaka jana mama alifariki. Baada ya matanga ndipo nilipong'amua kwamba nimebaki peke yangu ninayekumbuka sura ya yule mtoto. Hana picha wala kaburi ninaloweza kulionyesha. Nikinyamaza mimi, ni kama hakuzaliwa. Hilo lilinitisha kuliko nilivyotegemea.

Kwa hiyo safari hii nilimwambia Mwalimu Neema mapema kwamba nitamtaja. Ni binti mzuri, ana adabu, ila anapenda mambo yaishe kwa makofi.

"Bibi, tunaomba utilie mkazo ule umoja wetu," alisema. "Watoto bado wadogo. Habari za vifo tusiziguse sana."

"Mwenyewe aliyekufa alikuwa mdogo kuliko wao," nikamjibu.

Sikungoja anikubalie.

Nilikwenda na jirani yangu, Mama Paskali, mjane aliyekulia Mbulu na kuolewa Sigino, kijiji cha jirani, ambako bado ana shamba. Magoti yanamsumbua, lakini kila mwaka hunisindikiza na kukaa kwenye kiti cha pembeni, akisikiliza hadithi anayoijua yote. Angalau mimi nilidhani anaijua yote. Darasani nikasimama, nikaanza na kahawa na mavi ya kuku. Walipomaliza kucheka, nikaendelea.

Mizinga ilianza kusikika kabla ya chakula cha mchana. Mama alidhani ni watu wa barabara wanapasua mawe. Halafu tukaanza kuona watu wanapita na magodoro vichwani, na hakuna aliyesimama kusalimia. Kwetu mtu hapiti bila kusalimia. Mama alifunga mlango kwa kufuli, akafunga ufunguo kwenye pindo la kanga, akambeba Projesti mgongoni.

Darajani hatukufika. Waliokuwa wanarudi walisema hakupitiki.

Tukakata kwenye migomba kuelekea mtoni.

Kombora lilianguka nyuma yetu. Sikumbuki mlio. Nakumbuka migomba imelala chini yote upande mmoja.

Projesti hakulia. Mama alisema mgongo umelowa, mtoto amekojoa.

Ilikuwa damu.

Kipande cha chuma kilikuwa kimeingia pajani. Mama alilifunga kwa kitambaa chake cha kichwa, tukaendelea kutembea.

Mtu tusiyemjua alituvusha kwa mtumbwi wake. Hakuuliza sisi ni nani, wala hakutaka kitu.

Ng'ambo ya pili tuliwekwa kwenye majengo ya shule pamoja na wengine wengi. Dawa zilikuwa chache, na jeraha la Projesti likaanza kuvimba. Baada ya siku kadhaa lori lilileta magunia ya mahindi, yameandikwa BABATI kwa rangi ya buluu. Sisi tulikuwa watu wa ndizi. Mama, pamoja na shida zote zile, alichota mkono mmoja, akanusa, akasema kwa sauti kwamba hiki ni chakula cha kuku, tena kichafu, kina majivu na kinanuka moshi. Mgambo aliyekuwa anagawa alimtazama tu. "Mama, waliotuma nao wana watoto," akasema. Mama aliona haya. Aliyaosha, akayasaga kwa jiwe, akampikia mtoto uji.

Projesti alifariki hapo shuleni. Hatukuwa na sanda. Mama alimimina mahindi yaliyobaki kwenye sufuria, akalifumua gunia, tukamfunga nalo. Yale maandishi ya buluu yalimkaa kifuani.

Mwalimu Neema alikuwa anatazama dirishani. Sikutazama upande wa Mama Paskali, kwa sababu habari ya gunia nilikuwa sijawahi kumwambia yeyote.

Nikawaeleza yaliyobaki. Niliolewa na fundi wa mitambo ya barabara, na siku aliponiambia amehamishiwa Babati nilikaa chini, maana mji huo niliujua kwa herufi tu. Mwaka wetu wa kwanza hapa nilimsaidia Mama Paskali kuvuna kule Sigino, nikajaribu kumchekesha kwa kisa cha mama na chakula cha kuku. Hakucheka. Aliniuliza kama kweli yalikuwa na jivu na harufu ya moshi. Nikasema ndiyo. Akaniambia mahindi ya kula hayafanyiwi hivyo. Yanayotundikwa juu ya jiko, kisha yakapukuchuliwa na kupakwa jivu wadudu wasiyaguse, ni ya mbegu. Yalipokwisha ya kula, watu walitoa ya kupanda.

"Yalikuwa ya kwako?" nilimuuliza siku ile.

"Nani ajuaye? Kila nyumba ilitoa."

Huwa nasikia watu wakiuzungumzia umoja wa miaka ile kama wimbo wa mchakamchaka. Ulikuwepo, siwezi kuukana, niliushiba. Lakini kuna nyumba zilibaki na maghala matupu mvua zikiwa zimekaribia.

Msichana mmoja wa mstari wa nyuma akanyoosha mkono. "Bibi, sasa wao walipanda nini?"

Miaka yote nilikuwa sijauliza swali hilo. Nikageuka. Mama Paskali alishika goti lake, akajibu akiwa amekaa.

"Hatukupanda. Mume wangu, mwenye kushika jembe la ng'ombe, aliondoka na lori lilelile. Alichukuliwa kuwa mgambo."

"Alirudi?"

"Hakurudi. Kuna mahali kule amezikwa, sipajui."

"Aliitwa nani?"

"Amsi," alisema. Akarudia, kwa sauti iliyopanda kidogo, "Amsi."

Makofi hayakupigwa. Mwalimu Neema alichukua chaki, akaandika ubaoni majina mawili, Projesti na Amsi, akawaambia watoto wayanakili kwenye madaftari yao. Akaniuliza kama jina la Projesti ameliandika sawasawa. Niliitikia kwa kichwa kwamba ni sawa. Nimelia mara chache maishani, na hiyo ilikuwa mojawapo.

Tulirudi polepole kwa sababu ya magoti yake. Kwenye njia panda ya kwetu alisimama, akavuta kanga mabegani.

"Miaka yote hii hukuniambia habari za mtoto."

"Nisamehe, Mama Paskali. Mdomo ulikuwa hautamki."

"Si lawama." Alitazama chini kidogo. "Ule uji, aliunywa?"

"Aliunywa. Siku ya kwanza alimaliza kikombe, akaomba tena."

"Akaomba tena?"

"Ndiyo."

Alinishika mkono, tukabaki tumesimama hapo njiani.

"Basi yalifika," akasema.