Jina Lililokosekana Kwenye Daraja

Shangazi yangu Bi Kazija hakuwa mtu wa kuamini watu. Sukari ya dukani aliipima upya nyumbani, mafuta ya taa aliyanusa kabla ya kuyamimina, na mtu akizisifia kofia anazoshona alimuuliza kwanza anataka nini. Mimi nimelelewa kwake, Mpendae, tabia hiyo nimeirithi na sioni haya kusema. Ndiyo maana mwaka 1988 nilikuwa wa kwanza kumchochea.

Mwaka huo lilifunguliwa daraja jipya kwenye barabara iendayo Chukwani. Ukingo wake mmoja ulitengwa kwa majina ya askari wetu waliokufa vita vya Kagera. Aliyeyaandika ni mume wa shangazi, Bwana Mbarouk, fundi mwashi aliyepigana vita hivyo mwenyewe. Aliyachora kwa msumari saruji ikiwa mbichi, na kila jina alilianza kwa Bismillahi.

Shangazi alikuwa na mume kabla yake, Pandu Borafya, aliyekwenda vitani asirudi. Mbarouk ndiye aliyeleta habari: Pandu amekufa, kazikwa hukohuko. Shangazi akakaa eda, akavaa nyeupe miezi minne na siku kumi. Baada ya miaka miwili Mbarouk akamposa, wakazaa Nunu na Khalil.

Siku ya pili baada ya ufunguzi shangazi alinichukua nikamsomee. Yeye alisoma Kiarabu cha chuoni tu, herufi za skuli hazijui. Nikasoma kutoka juu hadi chini, kisha kutoka chini hadi juu.

"Soma tena."

"Nshasoma mara tatu, shangazi. Pandu hayumo."

Hapo ndipo nilipofungua huu mdomo wangu. Nikasema Bwana Mbarouk ni mtu wa msikitini, hawezi kumwandika mtu aliye hai katika maiti. Nilisema tu, bila kupima. Shangazi akashika ukingo, akaanza kupiga hesabu. Maiti hakuiona, kaburi hakulizuru, na aliyesema Pandu kafa ni mtu mmoja tu, huyohuyo aliyekuja kumuoa. Kama Pandu yu hai, basi ndoa hii si ndoa, na Nunu na Khalil ni watoto wa nini?

Jioni ile aliingia ndani na mtandio wake kichwani, hakuuvua.

"Mbona wajitanda ndani, Mama Nunu?" Bwana Mbarouk akauliza.

"Pana mwanamume wa kando."

Maskini, akageuka kutazama mgeni yuko wapi.

Godoro la Bwana Mbarouk likahamia ukumbini. Chakula alipikiwa, lakini nilimpelekea mimi. Alipoulizwa kuhusu jina alijibu, "Nliyopewa ndiyo nliyoyaandika," macho kayainamisha. Macho yale ndiyo yaliyotumaliza. Nikawa namchunguza kila anapokwenda. Siku moja nilimfuata mpaka posta, nina hakika anampelekea Pandu barua. Alikuwa anamwandikia dada yake Pemba.

Miezi mitano ilipita hivyo. Shangazi angeweza kwenda kuuliza mapema, lakini aliogopa jibu, nami niliogopa zaidi, maana maneno yalikuwa yangu. Alipokonda mpaka bangili zikawa zinamvuka mkononi, akasema twende.

Kwenye ofisi iliyojenga daraja tulimkuta karani, Bi Rawiya, akatoa orodha ya jeshi. Jina la tatu: Pandu Borafya, na tarehe aliyokufa, na saini ya mkubwa wake. Pembeni yake palikuwa na alama ya penseli, mstari mmoja. Bi Rawiya akasema karatasi ile ilitoka ofisini mara moja tu, alipopewa fundi.

Shangazi alilia palepale, kilio kikubwa, kama habari imefika asubuhi ile. Kisha akajifuta uso. "Kafa kweli," akasema. "Basi huyu kamfutia nini?"

Tulimkuta Bwana Mbarouk uani anachekecha mchanga. Aliposikia tulikotoka, akaweka chekeche chini.

"Wapita pale kila ukenda kupeleka kofia," alisema. "Sikutaka ukutane naye kila siku."

"Mimi hata kusoma sijui!"

"Ungejua alipo." Akakaa juu ya tofali. "Mimi nazeeka, Kazija. Mgongo wauma, meno yanatoka. Yeye ana miaka ishirini na sita mpaka kiama. Nshindane naye vipi?"

Nilimchukia na kumhurumia kwa pamoja. Kumwonea wivu maiti! Shangazi alimwambia neno moja tu: achukue patasi.

Saruji ilikuwa imeshakauka, kwa hiyo kesho yake alilichonga jina lile kwa nyundo, chini ya majina yote, tangu asubuhi mpaka adhuhuri. Herufi zilipinda. Nikasoma, na shangazi akazifuata kwa kidole moja moja. Akasoma Fatiha. Bwana Mbarouk akaitikia Amin.

Tuliporudi nyumbani shangazi alikaa mkekani mbele yake, akauvua mtandio. Nikashtuka. Kwa miezi ile mitano nywele za mbele zilikuwa zimejaa mvi tupu.

"Ntazame," alimwambia. "Pandu akija leo hanijui. Anayenijua ni wewe."

Bwana Mbarouk aliuokota mtandio, akaukunja taratibu, akaenda kuutundika msumarini.