Folda Niliyoifunga

Mwaka wa tisini na tisa nilikuwa naunda programu ya kupima majani katika ofisi ya kiwanda cha chai, nje kidogo ya Kericho. Kwa kuogopa kuvuruga kazi za ofisi, niliweka kompyuta ya pili ndani ya ile yangu, ya kuigizwa na programu tu, nikafanyia majaribio humo. Faili zilipita kati ya hizo mbili kupitia folda moja. Ila ili ile ya ndani iione, ilinibidi niifungue folda kwa mtandao wa ofisi nzima.

Jirani yangu wa meza akaingia humo. Alifuta jina langu kwenye ukurasa wa kwanza, akaandika lake. Meneja ndiye aliyeniambia, kwa furaha, kwamba mwenzangu angeonyesha programu yake Ijumaa, na ikifanya kazi angepewa kitengo cha kompyuta. Kitengo changu. Nilichemka.

Alipotoka kwenda kunywa chai nilichungulia mashine yake. Hakuwa amenakili kitu; alikuwa ameburuta tu kijipicha cha kubofya, shortcut, kutoka kwenye folda yangu, basi. Alidhani kitu akikiona kwenye kioo chake, tayari ni chake. Programu yenyewe ilikuwa bado kwangu.

Ijumaa alikuja na kibuyu cha mursik, yale maziwa ya mgando ambayo kwetu mshindi wa mbio hupokelewa nayo. Alijipokea mwenyewe kabla ya mbio. Meneja na maofisa wa mashambani walipoizunguka meza yake, mimi kwangu niliifunga folda. Akabofya. Akabofya tena.

"Madam, network imekufa?" akaniuliza.

"Network iko sawa," nikamjibu. "Fungua tu hiyo program yako."

Nilimwacha ahangaike, na nilifurahia kila dakika.

"Hii kitu iko ama haiko?" meneja akamuuliza.

Hapo ndipo nikawaita kwangu. Niliwasha kompyuta ya ndani, nilikokuwa nimeweka nakala ya kwanza. Jina langu likatokea. Nikaingiza kilo za mkulima mmoja, risiti ikatoka.

Meneja alikichukua kile kibuyu, akanimiminia mimi kwanza. Nilikunywa polepole nikimtazama mwenye kibuyu, nacho kikabaki mezani kwangu.

Jioni alikuja mezani kwangu, macho chini. "Madam, nisaidie na hiyo kibuyu. Ni ya mama."

"Iko kwa folda," nikamwambia. "Fungua uchukue."

Kibuyu hicho ninakitumia mpaka leo.