Mashine Iliyosingiziwa Uongo

Aliyenisafirisha ni Bi Mwanaidi, anayeishi nyuma ya ukuta wa kiwanda chetu cha vigae. Aliniambia mbele ya majirani kwamba mashine yangu ya kupima moshi imefundishwa uongo: yeye anakohoa, mashine inasema salama. Iliniuma. Kazi hii nilijifunza mwenyewe vitabuni, na kila Jumatatu huijaribu mashine kwa gesi ya mtungi ambayo kiasi chake kinajulikana. Haikuwahi kukosea. Meneja akakubali niipeleke Toronto kwa mafundi wa kuihakiki, tupate cheti cha kumaliza maneno.

Njia nzima niliipakata. Uwanja wa ndege nilipokewa na Joseph, kaka wa mke wangu. Akalitazama sanduku nilivyolikumbatia.

"Shem, dada yangu anajua kwamba ana mke mwenza?"

"Anajua. Ndiye aliyemfunga kwa kanga."

Joseph anaishi mtaa wa Kingsview Village, ghorofa ya kumi na moja. Tulikula ugali huku ndege zikishuka mbele ya dirisha, kila moja ikitikisa glasi za maji.

Saa tatu asubuhi iliyofuata nilikuwa mtaa wa Downsview, kwenye karakana ya kuhakiki mashine. Theluji iliyobaki kando ya maghala ilikuwa nyeusi kama masizi. Fundi wa karakana alikuwa mama wa Bukavu, Kongo, Mama Neema. Aliunganisha mtungi wake nyuma ya mashine, na namba ikasimama palepale ilipopaswa. Nikatabasamu mapema.

"Papa, kule kwenu gazi unaiingizaka wapi?"

"Hapo hapo."

"Na moshi ya kiwanda?"

"Huo unapita mbele: mpira wa kuvutia moshi, kichujio, pampu, ndipo ufike hapo."

Akacheka. "Mgonjwa analia tumbo, wewe unamupimaka kichwa."

Akahamishia gesi mwanzoni mwa mpira. Namba ikapanda, ikakomea nusu. Tulipofungua tukakuta mpira umepasuka karibu na pampu, unavuta hewa safi na kuuzimua moshi kama maziwa yaliyotiwa maji. Alibadilisha mpira, kisha akanifanya nirudie jaribio mara tatu kwa mikono yangu.

"Na cheti?" niliuliza.

"Nakupa. Ila nitaandika vile ilikuja na vile inaondoka."

Nyumbani, meneja alisoma mistari yote miwili ya cheti. Siku hiyohiyo akaamuru moto wa tanuri upunguzwe mpaka vichujio vya bomba la moshi vibadilishwe.

Kutoka hapo nilikwenda moja kwa moja kwa Bi Mwanaidi. Alikuwa anamenya ndizi.

"Ulisema kweli," nikamwambia. "Ilidanganya, na kosa lilikuwa langu."

"Umepanda ndege mpaka Kanada kuuliza jambo nililonalo hapa kifuani?" Akanisogezea kigoda na kisu cha pili.

Siku hizi gesi naiingiza mwanzoni mwa mpira. Lakini kila Jumatatu napita kwanza kwake kuuliza kifua kimeamkaje, na jibu lake naliandika daftarini, juu ya namba zote.