Siku Zeze la Baba Mdogo Lilipolia Lenyewe

Mpaka leo nikiikumbuka ile sauti, mwili unanisisimka.

Baba mdogo alikuwa amepunguzwa kiwandani, kama wengi miaka ile ya soko huria, akarudi kijijini Mlali na zeze lake: kibuyu kilichowambwa ngozi ya kenge, nyuzi mbili na uta wa katani. Mimi nilikuwa nakaanga chipsi kwenye baa moja mjini, karibu na stendi ya Msamvu, na kichwani nilishamwona anapiga pale kila Jumamosi, watu wanamtunza. Nikambembeleza bosi mpaka akasema, "Haya, mlete huyo baba yako. Akinifurahisha namchukua."

Akaja mchana, mvua ya milimani imemlowesha. Ngozi ikishika unyevu hulegea, sauti ikawa kama ya mtu mwenye mafua. Nyumbani huliegemeza zeze karibu na mafiga mpaka ngozi ikaze. Nikamwonyesha jiko langu.

"Mafuta yako yatalirukia, mwanangu." Akapapasa amplifaya mpya ya bosi, iliyokuwa chini ya spika. "Hii nayo ina moto. Tena hauna moshi."

Akaliegemeza hapo, ngozi ikitazama spika. Kijana anayepiga muziki wa baa akaweka kaseti.

Zeze likalia. Hakuna aliyeligusa. Kila besi ikigonga, nyuzi zinanguruma. Mteja mmoja akaacha bia yake, akasogea mlangoni. "Mzee, umetuletea nini humu?"

Baba mdogo mwenyewe alikuwa kinywa wazi. Nikaweka kiganja kwenye ngozi. Ilidunda kama kifua cha kuku aliyekamatwa. Kijiti kinachobeba nyuzi kikaanza kutembea juu yake, taratibu, kuelekea ukingoni. Nikamwambia kijana azime, hakunisikia. Ngozi ikapasuka, ndipo akazima.

Bosi akatoka ofisini. "Sasa utapiga nini?"

"Nitapiga nikipata ngozi nyingine, mkuu," baba mdogo akajibu.

"Basi nitamchukua yule mpiga kinanda aliyeniomba kazi wiki jana. Chake hakilowi."

Nilidhani baba mdogo atambembeleza. Badala yake alimwomba kijana arudishe muziki kidogo, akapeleka vidole kwenye duara la spika. Bosi akamkataza, lakini alishagusa.

"Karatasi," akaniambia, macho yamemtoka. "Humu kuna karatasi, inatetemeka kama ngozi yangu."

Nikamfungia zeze kwenye aproni yangu. Akaenda kutafuta gari la Mlali, nami nikarudi kumenya viazi.