Dakika ya Muzee wa Maharagi

Plastiki iliyopigwa na jua muda mrefu ina harufu yake, kama ya ndoo mpya. Nikiisikia narudi mara moja mtaani Birere, kwenye kona yenye vumbi jeusi ambapo mama yangu alikuwa na kabini ya kupigia simu: meza moja, parasoli ya njano, na simu kubwa nyeupe yenye mkonga uliojaa pumzi za watu.

Siku zile wengi hawakuwa na simu. Mama alinunua unite, yaani muda wa maongezi, kwa jumla, akaziuza kwa dakika. Kampuni ilimkata kwa sekunde. Yeye alilipisha dakika nzima. Mteja akisema sekunde ishirini tu, arobaini zilizobaki zilikuwa sabuni yetu na minervali yangu, ada ya shule. Lakini akipita sitini hata kidogo, alilipa dakika mbili, na hapo ugomvi ulizaliwa. Kwa hiyo nilifundishwa kutazama saa. "Kabini ni kazi ya macho," mama alizoea kusema. "Masikio ni ya kanisa."

Nilikuwa na miaka tisa aliponiachia meza mara ya kwanza, akaenda kununua ndizi. Baba mmoja alikuwa amefungua kabini ng'ambo ya barabara kwa bei ya chini, na wateja wetu walikuwa wakihama mmoja mmoja. Niliapa sitapoteza hata sekunde.

Akaja muzee muuza maharagi, na pesa ya dakika moja tu. Binti yake mjamzito alikuwa Butembo. Aliita "halo" mara nne, kisha uso ukamfunguka.

"Ameshazala?"

Saa ilisema sekunde hamsini na nane. Nikakata.

Muzee alibaki na mkonga sikioni. "Mutoto wangu," akaniambia polepole, "hata hawajaniambia kama ni mwanaume ao mwanamuke."

Mama alikuwa amesimama nyuma yangu na ndizi zake. Hakunigombeza. Alipiga namba ile tena.

"Malizia, muzee. Dakika hii ni ya kwangu."

Alikuwa msichana. Muzee alicheka hadi akaketi juu ya jiwe, na wauza nyanya wakapiga vigelegele. Mimi nililia kwa hasira, maana dakika ile ilimeza faida ya wateja watatu.

Wiki iliyofuata wauza maharagi wenzake walianza kuja kwetu, wakiipita kabini ya bei nafuu bila kugeuka. Nilipokuwa mkubwa na kuuza unite mwenyewe, niliwaeleza watu kwamba mama alijua siri ya biashara: kupoteza dakika moja ili kuvuta wateja wengi. Mwaka jana nikamsifu hivyo uso kwa uso, akiwa anatwanga majani ya sombe. Mwichi ukasimama.

"Siri gani? Nilitaka kujua ni mutoto gani. Ningelala namna gani?"

Basi miaka yote hiyo nilikuwa nimepiga hesabu isiyokuwepo. Wale watu walivuka barabara kwa sababu upande wetu aliketi mtu aliyetaka kweli kusikia habari zao hadi mwisho.